Kupata Nafasi kwenye Yoti ya Mbio za Fastnet Ukiwa Baharia wa Ridhaa

Mbio za Fastnet hufanyika kila baada ya miaka miwili, mwaka wa namba witiri, na huanzia Cowes kwenye kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Yoti, yaani vyombo vya matanga vya mchezo huu, hutoka kwenye mlango wa bahari wa Solent, hufuata pwani kwenda magharibi mpaka Land's End, huvuka bahari ya Celtic, huzunguka mwamba wa Fastnet wenye mnara wa taa kusini magharibi mwa Ireland, kisha hurudi kumalizia Cherbourg, Ufaransa. Ni maili za bahari 695. Yoti ya futi 40 huchukua siku nne au tano hivi. Mbio za kwanza za mwaka 1925 zilikuwa na vyombo 7 tu, na Jolie Brise ndicho kilichoshinda. Za 2025, zilizotimiza miaka mia, zilikuwa na zaidi ya yoti 400. Zijazo ni za 2027.

Yoti chache katika hizo zina mabaharia wanaolipwa. Nyingi zimejaa watu wa kazi zao nyingine: walimu, wauguzi, mafundi bomba, wastaafu. Kwa hiyo nafasi zipo, na wengi wanaozikosa hawazikosi kwa kukosa ubingwa. Mwenye yoti hatafuti bingwa. Anatafuta mtu ambaye saa tisa ya usiku, mvua inanyesha na chombo kinaruka, ataamka akiitwa, atavaa, atatoka kwa wakati wake, na hatawaongezea wenzake kazi. Ukilielewa hilo, kila unachokifanya kuanzia sasa kina mwelekeo: uwe mtu wa namna hiyo, na waone kwamba uko hivyo.

1. Hesabu muda kutoka nyuma

Mbio ni mwishoni mwa Julai au karibu na hapo. Wenye yoti hujisajili mwezi wa Januari wa mwaka huohuo, na kwa miaka kadhaa sasa nafasi zimekuwa zikiisha ndani ya dakika chache baada ya dirisha kufunguliwa. Mwenye chombo anayejisajili Januari huwa tayari anajua nusu ya mabaharia wake. Ukianza kutafuta Juni, unatafuta nafasi ya mtu aliyeumia.

Kuna sababu kubwa zaidi. Waandaaji, klabu ya Royal Ocean Racing Club, yaani RORC, hawakubali yoti ije siku ya mwisho na watu wasiojuana. Nahodha na angalau nusu ya mabaharia wanatakiwa wawe wameshiriki mbio za kufuzu zenye jumla ya maili 300 hivi ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Mbio hizo huanza majira ya kuchipua: Cervantes Trophy ya kwenda Ufaransa, Myth of Malham inayozunguka mnara wa Eddystone, Morgan Cup, na mbio za Cowes kwenda Dinard na St Malo. Mwenye yoti anayekutaka Julai atakutaka pia wikiendi zile za Mei na Juni. Asiyeweza kuziacha wazi atafute mbio nyingine.

Ratiba ninayompa anayeniuliza ni hii. Septemba hadi Desemba ya mwaka uliotangulia, jifunze na uonekane klabuni. Januari na Februari, pata yoti. Machi na Aprili, kozi za usalama na mazoezi. Kuanzia Mei, mbio za kufuzu.

2. Kama pasipoti yako inahitaji viza, anza na viza

Hili halimo kwenye miongozo ya Waingereza kwa sababu haliwahusu. Mtanzania, Mkenya au Mganda anayesafiri kwa pasipoti ya nyumbani linamhusu kabla ya kununua hata glovu.

Tangu 2021 mbio hazimaliziki tena Plymouth, zinamalizikia Ufaransa. Maana yake unaondoka Uingereza kwa njia ya bahari na kuingia eneo la Schengen kwa njia ya bahari. Unahitaji viza ya Uingereza inayokuruhusu kurudi baada ya mbio, na unahitaji viza ya Schengen. Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza inaruhusu kushiriki michezo kama mtu wa ridhaa, mradi hulipwi. Ya Schengen, kama utakwenda pia kwenye mbio za kufuzu zinazoishia Le Havre au St Malo, omba ya kuingia zaidi ya mara moja na ueleze sababu kwenye barua. Anayeishi Uingereza kwa kibali anaomba viza ya Ufaransa akiwa hukohuko Uingereza.

Kisha kuna Ireland. Kuzunguka mwamba wa Fastnet si kuingia Ireland, kwa sababu hushuki. Lakini yoti nyingi zikivunjika mlingoti au tanga hukimbilia bandari za Kinsale, Baltimore au Crosshaven. Viza ya Uingereza peke yake haikupi haki ya kushuka pale. Mweleze nahodha hali yako mapema, kwa maneno ya wazi, ili akijikuta anachagua bandari ya kukimbilia awe anajua. Katika dharura hakuna atakayekuacha baharini kwa sababu ya karatasi, lakini ni bora afisa wa mpakani akute jambo lililopangwa kuliko mshangao.

Mwombe mwenye yoti barua yenye jina la chombo, tarehe za mbio, bandari za kuanzia na kumalizia, na maelezo kwamba wewe ni baharia wa ridhaa. Barua hiyo ndiyo itakayobeba maombi yako yote.

3. Jifunze kazi, si jina la kazi

Kama umekulia kwenye ngalawa au mashua, unalo jambo ambalo wengi wa Solent hulipata kwa miaka: unauhisi upepo shavuni, unajua tanga linapoomba kulegezwa, unajua maji ya bamvua yanavyokwenda kasi kuliko maji mafu. Hilo la mwisho ni dhahabu. Mbio za Fastnet kwa sehemu kubwa ni mbio za mikondo. Pwani ya kusini ya Uingereza ina rasi kama Portland Bill, Start Point na Lizard, na kwenye kila rasi yoti inayofika saa moja kabla mkondo haujageuka hupita, na inayofika saa moja baadaye hubaki inaangalia taa ileile mpaka maji yabadilike. Karibu na kisiwa cha Alderney, ukikaribia Cherbourg, mkondo ni mkali kuliko popote njiani.

Usichokijua ni vyuma. Kwenye yoti ya kisasa kamba hazishikwi kwa nguvu za mkono. Zinazungushwa kwenye winchi, yaani ngoma ya chuma inayobeba mzigo wa kamba, na nguvu iliyomo kwenye kamba moja ya tanga la mbele inatosha kukata kidole. Jifunze winchi mpaka mikono ifanye yenyewe. Kamba huzungushwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, mizunguko miwili kwanza, ya ziada mzigo unapoongezeka. Kulegeza kamba iliyobeba mzigo, weka kiganja cha mkono mmoja bapa juu ya mizunguko, vidole vimenyooka nje, mkono wa pili ushike ncha ya kamba mbali na winchi, kisha uache kamba iteleze kidogo kidogo chini ya kiganja. Kidole gumba kisiingie kamwe kati ya kamba na ngoma. Mwenye hijabu aivae ile ya michezo, iliyobana, chini ya kofia ya koti. Mtandio unaoning'inia ukivutwa na winchi unakuja na shingo. Nywele ndefu na mikufu ni vilevile.

Pa kujifunzia, kama uko Uingereza: kozi ya siku tano ya Competent Crew inayotambuliwa na Royal Yachting Association, chama cha mchezo huu cha Uingereza, inakupa msingi, na siku hizo zote unalala ndani ya chombo na kupika ndani yake, jambo linalofaa kuliko cheti chenyewe. Baada ya hapo nenda kwenye mbio za klabu. Mbio za majira ya baridi za mto Hamble hufanyika Jumapili za vuli, na wenye yoti hukosa watu kwa sababu ni baridi. Hapo ndipo mlango ulipo. Anayejitokeza Novemba, akapanga matanga kwa mikono iliyoganda na akarudi Jumapili inayofuata, huulizwa kuhusu kiangazi kabla hajauliza yeye. Baadaye jaribu mbio za Junior Offshore Group, ambazo huvuka mlango wa bahari kwenda Ufaransa kwa umbali mfupi kuliko za RORC. Usiudharau pia mzunguko wa kisiwa cha Wight, maili 50 kwa siku moja: hapo utaujua msongamano wa yoti na kelele za kuanza mbio.

Kama uko nyumbani, klabu za yoti za Dar es Salaam na Mombasa zina vyombo vidogo na watu waliowahi kushiriki mbio za mbali. Usijizuie kwa kuona ni mahali pa wageni; omba kuwa mtu wa pili kwenye chombo cha mtu.

4. Njia mbili za kupata yoti

Ya kwanza ni kununua nafasi. Shule za usafiri wa bahari za eneo la Southampton na Hamble huuza nafasi kwenye yoti zao: unalipa bei moja inayojumuisha mazoezi, mbio za kufuzu na Fastnet yenyewe. Ni maelfu ya pauni. Faida yake ni kwamba una uhakika, unafundishwa kwa utaratibu, na nahodha ni mtu mwenye leseni ya kazi hiyo. Hasara yake, mbali na pesa, ni kwamba wenzako wote ni wageni kama wewe.

Ya pili ni kuingia kwenye yoti ya mtu binafsi. Hapa hulipii nafasi; unachangia chakula, labda mafuta na malazi, na unalipa kwa muda wako. Mimi naipenda zaidi njia hii, kwa sababu unajifunza kutoka kwa watu waliosafiri pamoja miaka mingi, na kwa sababu nafasi ya mwaka huu huzaa ya mwaka ujao. Lakini inataka uonekane. Majina huzunguka kwa mdomo: nahodha akipungukiwa mtu, humuuliza baharia wake, "Unamjua nani?" Kazi yako ni kuwa jibu la swali hilo.

Ukimwandikia nahodha usiyemjua, andika mistari michache yenye vitu anavyovihitaji. Kwa mfano:

"Habari Nahodha. Nimeona unatafuta mtu wa msimu huu. Nina umri wa miaka 34, kilo 76. Nimeshiriki mbio za majira ya baridi za Hamble kwenye yoti ya futi 36, nikifanya kazi ya winchi na kamba za matanga. Nina cheti cha huduma ya kwanza na nimejisajili kozi ya usalama ya Machi. Niko huru wikiendi zote za kufuzu na wiki mbili kuanzia mwanzo wa mbio. Sijawahi kulala baharini zaidi ya usiku mmoja. Naweza kupika. Naweza kuja kusaidia kusafisha chombo wikiendi yoyote ya mwezi huu."

Angalia lililomo. Uzito, kwa sababu uzito wa mabaharia ni sehemu ya hesabu za chombo. Tarehe, kwa sababu ndizo zinazomnyima usingizi. Kisichojulikana kimesemwa wazi: usiku mmoja tu. Nahodha akikuta umeongeza chumvi kwenye ujuzi wako, ataligundua hilo mbali na nchi kavu, wakati ameshakutegemea. Na ule mstari wa kusafisha chombo mara nyingi ndio unaojibiwa kwanza.

5. Nawe muulize

Heshima kwa nahodha haikuzuii kuuliza, na nahodha mzuri hufurahi. Boti la kuokolea maisha lilikaguliwa lini mara ya mwisho? Bima ya yoti inawahusu mabaharia wanapokuwa mbioni? Tutafanya mazoezi ya kumwokoa mtu aliyeanguka baharini, kwa kweli, na tukiwa na matanga? Nani anachukua uongozi nahodha akiumia? Nachangia kiasi gani, na nikiumia kabla ya mbio narudishiwa nini? Mwisho, omba kuzungumza na mtu aliyesafiri naye mwaka uliopita. Chombo ambacho kila mwaka kina mabaharia wapya wote kinakueleza jambo.

Nenda naye mbio fupi moja kabla ya kukubali. Msikilize mambo yanapoharibika. Nahodha anayepiga kelele kwenye mbio za Jumapili zinazochukua saa tatu tu hatatulia siku ya tatu bila usingizi, na wewe huna pa kushukia.

6. Usalama, na kwa nini kanuni ni nyingi

Agosti 1979 yoti 303 zilianza mbio hizi. Dhoruba ikazikuta kwenye bahari ya Celtic. Mabaharia 15 wa mbio walikufa, yoti 24 ziliachwa na watu wake, 5 zikazama, na zilizomaliza hazikufika mia. Jambo lililowauma wachunguzi ni kwamba baadhi ya yoti zilizoachwa zilikutwa baadaye zinaelea, ilhali watu waliohamia kwenye maboti ya kuokolea walikuwa wamepotea. Ndiyo maana utafundishwa kwamba huhami chombo mpaka chombo chenyewe kikuache. Sehemu kubwa ya kanuni za leo, kuanzia redio mpaka mikanda ya kujifungia, ina mizizi kwenye usiku ule.

Mwaka 2011 yoti kubwa iitwayo Rambler 100, ikiwa imetoka tu kuzunguka mwamba, ilivunjika mkuku na kupinduka. Watu 21 walikuwa ndani. Wengi walipanda juu ya tumbo la chombo; watano walichukuliwa na maji. Wale watano walishikana pamoja, wakaelea kwa zaidi ya saa mbili kwenye baridi, na wote 21 waliokolewa. Na 2023, siku ya kwanza tu, upepo mkali dhidi ya mkondo uliwarudisha makumi ya washiriki bandarini, na yoti moja ikazama karibu na miamba ya Needles. Watu wake waliokolewa.

Sisemi haya kukutisha. Nasema ili ukiambiwa ufunge mkanda wa jaketi lako la kuokolea kati ya miguu, usione ni usumbufu. Jaketi lisilofungwa hapo hupanda mpaka masikioni mtu akiwa majini, na uso unazama.

Kanuni za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, kwa mbio za daraja hili zinataka angalau asilimia 30 ya mabaharia, wasiopungua wawili, wawe wamepata mafunzo ya kujiokoa baharini ndani ya miaka mitano. Wewe chukua kozi hiyo hata kama namba imeshatimia bila wewe. Utaruka ndani ya bwawa la kuogelea na nguo zote, utafungua jaketi linalojijaza, utageuza boti la kuokolea lililopinduka na kumvuta mwenzako ndani. Kwa anayetoka kwenye bahari yenye joto, jambo geni ni baridi. Maji ya bahari ya Celtic mwezi Julai huwa nyuzi 15 hadi 17 hivi. Mtu akiangukia humo kwa ghafla hupumua kwa pupa bila hiari yake, na huenda akayameza maji katika dakika ya kwanza. Fundisho ni kutulia, kuelea na kuacha pumzi irudi kabla ya kujaribu lolote. Kama wewe ni baharia wa meli mwenye mafunzo ya Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam au Bandari Maritime Academy ya Mombasa, mpe nahodha nakala ya vyeti vyako, lakini kozi ya yoti ichukue tu: mambo ya mikanda na mlingoti hayamo kwenye ya meli.

Kuna kanuni moja ndogo ambayo kila yoti nzuri inayo na ambayo nakuomba uifanye yako. Unajifunga kamba ya usalama kabla hujatoka mlangoni, ukiwa bado umesimama kwenye ngazi ya ndani, na unajifungua ukiwa umesharudi ndani. Usiku, kila mara. Na wanaume waende haja ndogo chooni, wamekaa. Kusimama tezini usiku, mkono mmoja ukiwa kwenye zipu, kumeua mabaharia wazuri.

7. Vya kubeba

Nunua kwa mpangilio huu: koti na suruali ya kifuani ya mvua, buti, nguo za ndani za sufu au za kukauka haraka, kofia ya sufu, tochi ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Koti na suruali zinapatikana kwa mtumba kwenye masoko ya vifaa vya yoti kwa sehemu ndogo ya bei. Jaketi la kuokolea, kama unanunua, liwe na taa, kifuniko cha uso na mkanda wa kati ya miguu. Kama unapewa la yoti, lifungue mbele ya nahodha, likague mtungi wa gesi umekazwa, kisha lirekebishe likubane mwilini. Glovu si lazima.

Kila kitu kiingie kwenye mfuko mmoja laini. Sanduku la magurudumu halina pa kukaa, na harufu ya jeans iliyolowa maji ya chumvi itawaudhi wenzako mpaka Cherbourg. Nguo za kulalia zifunge kwenye mfuko wake usiopitisha maji na usiuguse mpaka siku ya pili.

8. Kuishi ndani ya zamu

Zamu kwa kawaida ni saa nne kazini na saa nne kupumzika usiku, mchana hurefuka kidogo. Saa nne za kupumzika si saa nne za usingizi. Unatoka, unavua, unakula, unajitupa kwenye kitanda ambacho mwenzako ametoka sasa hivi, na unaitwa dakika ishirini kabla ya zamu yako.

Hizo dakika ishirini ndizo zinazowatofautisha watu. Ukiitwa, keti papo hapo. Kunywa maji. Vaa suruali ya kifuani ukiwa umekaa sakafuni, mgongo umeegemea, kwa sababu kusimama kwa mguu mmoja kwenye chombo kilicholala upande ni kuomba kuvunjika mbavu. Buti, koti, jaketi, kamba. Nenda chooni kabla ya jaketi, si baada yake. Panda ngazi dakika tano kabla ya saa. Wale walioko juu wamelowa na wanahesabu dakika. Anayechelewa kwa dakika tano usiku wa kwanza hukumbukwa usiku wote. Ukifika juu, usishike kitu. Kaa, macho yazoee giza, uliza: upepo unatoka wapi na umebadilika vipi, meli gani ziko karibu, kuna jambo lolote la kuangalia?

Kama mgeni, muda mwingi utakaa ukingoni, upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, miguu inaning'inia nje, pamoja na wenzako mmefuatana kama ndege kwenye waya. Uzito wenu unakizuia chombo kisilale sana na mwendo unaongezeka. Mkibisha tanga, mnahamia upande wa pili, haraka, kimya, hata mkiwa mmesinzia. Ni kazi halisi. Usiidharau na usiulize lini utashika usukani. Siku ya tatu, upepo ukiwa umetulia na wakubwa wamechoka, utapewa.

Kulewa bahari humpata karibu kila mtu wakati fulani, hata mvuvi wa Pemba, kwa sababu mawimbi ya kule ni mafupi na chombo kimefungwa. Kinga huanza jana yake: usingizi, chakula chepesi, hakuna pombe. Dawa kama sinarizini imeze usiku wa kuamkia safari, na uijaribu kwanza nchi kavu uone kama inakulaza. Ukianza kupiga miayo na kuona baridi bila sababu, ndiyo inakuja. Mwambie mkuu wa zamu hapohapo, toka nje, angalia upeo wa macho, omba kushika kitu cha kufanya. Ukitapika, tapikia upande wa demani, yaani unakoelekea upepo, umefungwa kamba, mwenzako amekushika. Kisha kunywa kidogo kidogo na ule biskuti kavu au tangawizi. Anayetapika na kuendelea na zamu yake haaibiki hata kidogo. Anayejificha kitandani bila kunywa maji kwa siku nzima ndiye anayekuwa mzigo na hatari.

Chakula ni cha pakiti kavu kinachomwagiwa maji ya moto. Mla halali amweleze mpishi mapema, wakati orodha ya manunuzi inaandikwa. Pakiti za mboga na za samaki zipo za kutosha, na unaweza kuja na zako. Sala ya kukaa inakubalika chombo kikiyumba, na sijaona nahodha anayemkatalia mtu dakika zake akiwa amemwambia. Jitolee kupika uwezapo. Anayetokea kwenye ngazi na kikombe cha chai ya moto saa kumi alfajiri anapendwa kuliko mshika usukani.

Mwamba wenyewe, kama mtaufikia usiku, mtauona kwanza kwa mwanga wa mnara unaopiga mara moja kila sekunde tano. Mnauacha mkono wa kushoto. Yoti nyingi hukutana hapo, zinazokwenda na zinazorudi, giza na mikondo, kwa hiyo wasio na zamu nao huitwa. Piga picha kama kuna nafasi. Kisha rudi kitandani, kwa sababu bado kuna maili nyingi za kurudi kupitia kusini mwa visiwa vya Scilly, na uchovu wa nusu hii ya pili ndiyo unaovunja vitu.

9. Cherbourg

Ukishavuka mstari wa mwisho usikimbilie hoteli. Chombo kinatolewa maji, matanga yanakunjwa, choo kinasuguliwa, takataka zinashushwa. Wanaobaki kwa kazi hiyo ndio wanaoulizwa kuhusu msimu ujao. Kama una muda, jitolee pia kuirudisha yoti Solent. Ni safari ya maili 60 hadi 70, watu huwa wachache, na ndipo mgeni hupewa usukani kwa saa nyingi kuliko mbio nzima. Wenye hamu zaidi waulize hapohapo kuhusu Middle Sea Race ya Malta mwezi Oktoba, maili 606 kwenye maji ya joto, ambako yoti kadhaa za Fastnet huenda moja kwa moja.

Kabla nahodha hajaondoka, mpe kitabu chako cha kumbukumbu za safari ajaze jina la chombo, maili, saa za usiku na kazi uliyofanya, atie sahihi. Kwa anayetafuta nafasi nyingine au anayelenga vyeti vya unahodha, ukurasa huo una thamani kuliko fulana ya mbio. Na mwenye viza ya Schengen, ukiondoka Cherbourg kwa yoti badala ya feri hakuna lango litakalokupitisha mbele ya afisa. Nendeni wenyewe kwa polisi wa mpakani bandarini na pasipoti mkononi, usajiliwe kwamba umetoka, siku hiyohiyo, kabla ya kufungua kamba. Rekodi ya kuingia isiyo na ya kutoka ndiyo itakayokusumbua ukiomba viza ya msimu unaofuata.